Kitambaa Chekundu Nyuma ya Gari la Magurudumu Matatu

Tangu nirudi, watu wamekuwa wakinipigia simu kuuliza nani amekufa kwetu. Wengine hawakupiga. Walikuja moja kwa moja hapa kibandani kwangu Nyeri, ninaposhona viti vya magari, wakasimama mlangoni na nyuso za msiba, wakanikuta nakata ngozi bandia huku natafuna muwa. Nyinyi mlikuwa na adabu, mlingoja nipumzike kwanza. Basi nawaandikia wote mara moja, maana nikiisimulia hii kwa kila mteja sitashona kitu.

Hajafa mtu. Aliyekufa mnamjua, mlimzika pamoja nami mwaka juzi. Mama alikuwa amekwenda kumtembelea mdogo wake kule Chuka, akaugua, akafia huko huko, tukamleta nyumbani Mweiga na msafara wa magari. Kaka yangu Gichuki, mtoto wa kiume wa pekee, hakuja. Alikuwa ng'ambo, na alisema akitoka kule hataruhusiwa kurudi. Maneno hayo niliyaelewa. Kusamehe ni kitu kingine.

Mwaka huu amerudi, na mpaka juzi alikuwa hajakanyaga kaburi la mama. Kwetu aliyekosa mazishi haendi kaburini peke yake kama mwizi wa mahindi. Hutanguliwa na mtu wa nyumba aliyekuwepo, na katika nyumba yetu nimebaki mimi. Aliniomba mara ya kwanza nikamwambia nina kazi nyingi. Aliniomba mara ya pili nikamwambia aende na magurudumu yake.

Magurudumu yenyewe ni matatu. Ndiyo mali aliyorudi nayo.

Nyeri hadi Kiganjo: kukaa mahali pa dereva

Nilikubali safari kwa sababu ya Tata Tabitha, yule mdogo wake mama. Alipiga simu akasema mfuko wa mama bado uko kwake, hautumi kwa gari la vifurushi, na anataka aliyekosa mazishi aje auchukue kwa mkono wake, nami nimsindikize. Amri ya Tata haina rufaa. Gichuki akaamua twende kwa kupitia Nanyuki, ambako alitaka kulionyesha gari kwa mtu wa hoteli, kisha turudi kwa Embu. Yaani tuuzunguke mlima mzima kwa ajili ya mfuko.

"Hii si ile ya zamani," aliniambia asubuhi ile, akilizunguka gari kama mtu anayeuza ng'ombe. "Ya zamani nilikuwa naendesha huko. Hii wamebadilisha kila kitu. Pua, taa, gia, hata viti."

"Na paa?"

"Haina paa, Wangeci. Ndiyo maana yake."

"Basi hawajabadilisha kila kitu."

Niliyaangalia magurudumu mawili mbele na moja nene nyuma, na mwili mwekundu uliochongoka kama mdomo wa kuku. Milango hakuna. Mbele kuna kioo kifupi kinachokinga kidevu tu, kwa hivyo kila mmoja wetu alivaa helmeti ya pikipiki. Nikainama kukagua viti, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na sidanganyi: mshono ulikuwa mzuri, nyuzi mbili zilizonyooka, ngozi isiyoingiza maji. Chini ya kiti kulikuwa na vitundu. Nikauliza ni vya nini. Gichuki akasema mvua ikinyesha maji yatokee hapo. Nikawaza, fundi anayetoboa kiti ili maji yatoke anajua vizuri sana yatakayompata mkaaji.

Kukaa ni kushuka. Unaingiza mguu, unajiachilia, unafika chini na bado unashuka. Ukinyoosha mkono unagusa lami. Usukani uko kushoto, kama huko ulikotoka, kwa hivyo mimi abiria nilikaa kulia, mahali ambapo magari yetu yote yanaweka dereva. Mambo ya karatasi zake msiniulize.

Nikikubali, nikubali: lile gari linakwenda. Alipokanyaga mafuta tukitoka mjini, mgongo wangu ulizama kitini. Kila kitu kilikuja puani bila kubisha hodi, maganda ya kahawa, samadi, moshi wa malori. Niliona malori upande ambao mtu hatakiwi kuyaona, kwa chini. Hatukuwa tunazungumza. Neno pekee tulilohitaji lilikuwa la kupita magari, kwa sababu yeye kule kushoto alikuwa haoni mbele ya lori, mimi ndiye nilikuwa naona. Ananiangalia, namwambia "pita" au "ngoja". Nilisema "ngoja" mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Karibu na Kiganjo askari alitusimamisha, akaja upande wangu.

"Dereva, leta leseni."

"Mimi si dereva."

"Na umekaa wapi?"

"Nimekaa kwa kiti ya abiria."

Akachungulia, akatafuta usukani mbele yangu, hakuuona. Akamwona Gichuki upande wa pili akiwa ameushika.

"Mama, hii ni nini? Ni tuktuk ama ni pikipiki?"

"Nauliza hivyo hivyo tangu asubuhi," nikamwambia.

Ilituchukua muda mrefu kuondoka pale. Vijana wa bodaboda walijikusanya wakidhani ni gari la matangazo, wakaomba tisheti.

Nanyuki: mbuzi

Mtu wa hoteli hakuja. Tulimngoja kwenye hoteli ndogo ya chai karibu na wafanyabiashara wa mifugo, Gichuki akiangalia simu, mimi nikiangalia mahali ambapo mlima ungekuwa. Wingu lilikuwa limefunika kila kitu kuanzia miti kwenda juu. Gichuki aliniambia kwamba huko alikokuwa, kila alipokosa usingizi alijaribu kuukumbuka mlima ulivyo ukisimama mlangoni kwa mama. Nikamwambia chai yake inapoa.

Tuliposimama, mbuzi alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Gari lisilo na mlango halimfukuzi mtu. Alikuwa ameshaanza kula mshono wa pembeni na hakuwa na haraka. Mwenyewe, mzee mmoja wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe anayeitwa Hassan, alikuja mbio akamvuta kwa sikio.

"Samahani sana, mama. Huyu hana adabu tangu azaliwe."

Gichuki alipiga magoti akashika ule uzi uliong'olewa, na uso wake ukaniogopesha. Nilidhani angelia kwa ajili ya kiti. Mimi hutembea na sindano na uzi kama wengine wanavyotembea na Biblia, nikakaa pale barabarani nikashona. Mzee Hassan alituletea chai nyingine na mahamri, akasimama akitazama.

"Wewe na huyu ni bwana na bibi?"

"Ni kaka yangu."

"Nilidhani mmegombana kama bwana na bibi," akasema, akaenda zake na mbuzi.

Timau hadi Meru: mvua

Nimesafiri na mvua nyingi lakini sijawahi kusafiri ndani yake. Ilitukuta kabla ya Timau, kwenye mashamba ya ngano, na kule juu mvua ni baridi kama maji ya kisima. Kwenye lile gari haikunyeshei, unarushiwa. Iliingia shingoni, ikateremka mgongoni, ikajaa kitini, kisha nikaisikia ikitoka kwa vile vitundu. Vilifanya kazi yake sawasawa. Hakuna kingine kilichofanya.

Tulijibanza kwenye kituo cha mafuta, tukanywa chai tukitetemeka. Nikamwona Gichuki amekonda, nywele zimeanza kuwa nyeupe masikioni. Kwenye simu sikuwahi kuona hayo. Nilitaka kumwambia jambo la upole, lakini hasira ya muda mrefu ni kama mkaa uliofukiwa kwenye jivu, ukiugusa unaungua wewe. Nikamwambia alipe chai.

Kwenye mteremko wa kuingia Meru, gari dogo la kubeba miraa lilituovateki na kuturudia mbele, likatusukuma hadi kwenye changarawe. Gurudumu la nyuma lilicheza, likaenda kulia, likaenda kushoto, nikaona mtaro uko karibu na kiwiko cha kaka yangu. Gichuki aliushika usukani akalirudisha barabarani.

"Hawatuoni," alisema. "Tuko chini sana."

Mjini Meru alisimama kwenye duka la vitambaa, akaingia, akatoka na kipande cha kitambaa chekundu.

"Cha nini?"

"Ili tuonekane."

Niliona ni akili. Sikujiuliza kwa nini hakukifunga pale pale, tulipokihitaji, badala yake akakikunja vizuri akakitia mfukoni kwenye kifua.

Chuka: kwa Tata

Tata Tabitha alitukaribisha kwa kutugombeza, ambayo ndiyo namna yake ya kukumbatia. Akatuvua nguo zilizolowa, akatukalisha motoni, akatupakulia ndizi zilizopondwa na maharagwe na supu ya mbuzi. Nilimla yule mbuzi nikimfikiria mwenzake wa Nanyuki.

Gichuki hakuinua macho kwenye sahani. Tata alimwangalia akila, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe Wangeci. Ati kaburi ya dada yangu mpaka leo ni mchanga tu? Watu wa kanisa wananiuliza. Wenye walizikwa juzi wako na simiti na taili. Dada yangu amelala kama viazi."

"Ni mvua, Tata. Simiti haikauki."

"Mwaka mbili mvua?"

"Kule kwetu inanyesha."

"Mimi niko na simiti," Gichuki akasema polepole. "Nitanunua simiti."

"Hakuna mtu amekuuliza," nikamwambia. Tata akainuka kuongeza kuni.

Asubuhi aliuleta mfuko. Haukuwa na siri yoyote. Viatu vya kanisani, kitambaa cha kichwa, na ile sweta ya kijani ambayo mama aliivaa hadi viwiko vikapotea, nikavishona mimi. Tata alimtupia Gichuki sweta.

"Vaa. Koti yako haijakauka. Usikufe baridi tukuzike pia."

Akaivaa. Mikono ilimfikia katikati. Kisha akatoka nje, akakitoa kile kitambaa chekundu kwenye mfuko wa koti, akakifunga nyuma ya gari, kwenye chuma kilicho juu ya kiti, kwa mafundo mawili.

Chuka hadi Kutus: heshima tusiyoistahili

Ilianzia Runyenjes. Vijana wa bodaboda waliokuja mbele yetu walipunguza mwendo, wakaingia pembeni, mmoja akavua kofia. Nikadhani wanalishangaa gari. Mbele kidogo, wanawake waliobeba kuni walisimama na kuinamisha vichwa. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeomba tisheti.

Nilipogeuka kutazama nyuma ndipo nilipoelewa, na damu ikanipanda. Nyinyi mnajua, hata mtoto wa nasari huku kwetu anajua: kitambaa chekundu kwenye gari, kikipepea, ni mazishi. Magari yote yaliyomfuata mama yalikuwa nacho. Nikasema moyoni, huyu amekaa ng'ambo mpaka amesahau, sasa anatuzungusha Embu nzima kama maiti.

Kabla sijamfokea, askari akatusimamisha. Nikajitayarisha tena kwa habari ya usukani. Alikuja upande wangu, akakitazama kitambaa, akanitazama mimi na uso wangu uliovimba kwa upepo, akamtazama mwanamume mzima aliyevaa sweta ya mama yake. Akavua kofia.

"Poleni sana. Mnazika lini?"

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba ni makosa.

"Leo," Gichuki akajibu.

"Mungu awatie nguvu. Endeni polepole, kuna utelezi." Akasimamisha lori ili tupite.

Tulipolipita lile lori nikamgeukia.

"Gichuki, hiyo kitambaa unajua ni ya nini?"

"Najua."

"Unajua na umefunga?"

"Niliiona kwa simu, Wangeci. Binamu alikuwa ananionyesha akiwa gari ya tatu. Kitambaa ya hiyo gari ilikuwa imelegea, inapiga kioo, pap, pap. Nikawa nasema moyoni, mtu ashuke aifunge." Aliangalia barabara. "Sikuwa kwa msafara. Nilitaka tu niwe kwa msafara."

Niliona uchungu, kisha nikaona aibu ya kuona uchungu, kisha hasira ikarudi kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Tulifika Kutus tukasimama kutia mafuta. Mama mmoja auzaye nyanya alikuja, akatushika mikono wote wawili kupitia pale ambapo mlango ungekuwa, akasema pole, akaweka nyanya kwenye mapaja yangu, akakataa pesa.

Zikiwa bado mapajani nikasikia sauti yangu.

"Hapa pia tulisimama. Gari la maiti lilitaka mafuta. Akina mama wakashuka wakaimba pale, kando ya lile bomba la hewa."

Gichuki aliligeukia lile bomba, akaliangalia kana kwamba bado wanaimba.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani. Kando yake. Sikushuka."

Karatina hadi Mweiga: tope

Kutoka pale nilimpa safari yote. Mahali basi la kanisa lilipopotea. Mahali mjomba alipotaka tusimame ale, tukamkatalia. Nilisema kwa sauti ya juu ili upepo usinyang'anye, naye aliitikia kwa kichwa chini ya helmeti na kuuliza habari ndogondogo: nani alikuwa mbele, mvua ilinyesha au la, ni wimbo upi. Tulipofika kilima cha Karatina alipunguza mwendo.

"Hapa simu ilikatika," akasema. "Kwa hii kona. Nilijaribu, nikajaribu. Wakati network ilirudi, watu walikuwa wanakula."

Ndiyo yote aliyoyaona ya mazishi ya mama. Msafara hadi kilima cha Karatina, halafu watu na sahani. Nililia ndani ya helmeti, na helmeti haina mahali pa kupenga kamasi.

Tuliipita Nyeri, baadhi yenu mkatuona, ndipo zikaanza simu. Baada ya Nyeri kulikuwa na trekta la nyasi mbele, likijikokota, na Gichuki akaniangalia kama ilivyokuwa kawaida. Barabara ilikuwa wazi. "Pita," nikamwambia.

Mweiga mvua ilikuwa imepita punde. Njia ya kuingia kwetu mnaijua, tope jekundu na mteremko. Lile gari limetengenezwa kwa barabara za watu wengine. Pua ikachota tope, gurudumu la nyuma likazunguka bure, likachimba, likalala. Hapo hapo, kwenye kona ile ile ya mti wa mkaratusi, gari la maiti lilikuwa limekwama mwaka juzi, na majirani wakamsukuma mama hadi langoni kwa mabega yao.

Jirani yetu Mwangi aliyekuwa akikamua ng'ombe ndiye alitangulia kutoka. Akaona kitambaa. Akamwona Gichuki. Nilingoja aulize nani amekufa. Hakuuliza. Alivua kofia, akaiweka juu ya nguzo, akapiga mluzi kuwaita wengine. Wakaja na magambuti yao ya mpira, wakaweka mabega nyuma ya lile gari la anasa, wakalisukuma polepole bila kelele, kama lilivyosukumwa lile jingine. Gichuki alikuwa ameshuka, akitembea nyuma yake na mkono juu ya chuma.

Langoni wakatuacha. "Nyinyi endeni," Mwangi akasema.

Nilitangulia. Nilipita nyuma ya zizi, nikamsikia akinifuata, viatu vyake vikivutwa na tope. Kaburi lilikuwa kama lilivyo, kichuguu cha udongo na msalaba wa mbao, maua yaliyopandwa na watoto wa jirani. Alisimama upande wa miguu. Mlima haukuonekana, kama siku zote zile.

"Tata amesema ukweli," akasema mwishowe. "Kwa nini hukuweka simiti? Si ya mvua."

"Si ya mvua."

Akangoja.

"Juu ya simiti ungetupa wapi udongo?"

Alinitazama. Akainama. Udongo ulikuwa umelowa, ukamganda viganjani, haukutaka kumtoka. Ilibidi aukung'ute mara mbili ndipo ukaanguka juu ya mama. Mikono ya sweta iliingia tope hadi pale niliposhona. Sikumsaidia na sikuondoka.

Kitambaa alikifungua mwenyewe jioni ile, akakifua, akakianika. Gari liko hapa uani kwangu, nalishonea turubai, na mtu wa hoteli bado hajapiga simu. Kesho yake nilimwita fundi wa simiti.